Kengele Inayoomba Intaneti

Ndani ya treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa mafundi wa kompyuta wawili, mwanamume na mwanamke. Walikuwa wakichagua kijiprogramu cha kumwarifu mteja kwenye kompyuta yake kwamba roboti yao ya akili bandia, ya kuandika programu, imemaliza kazi.

“Hiki cha bure kinatosha, dada.”

“Kazi yake kulia ting tu, kaka. Mbona kinaomba intaneti?”

Napenda vitendawili, lakini kengele ya mlangoni inayotaka kwenda kutembea sijawahi kuisikia.

“Siri za wateja zimo kwenye kompyuta hizo,” mwanamke aliendelea. “Nani kakiandika?”

“Simjui. Ila watu wengi wanakitumia.”

“Hao wengi nao wanamjua?”

Mwanamume akajikuna shingo. “Basi, nikifika ofisini nitakiondoa.”

“Utakiondoa? Kwani umeshakiweka kwenye kompyuta za wateja?”

Treni ikasimama, na mwanamume akawa wa kwanza kushuka.