Saba Ambao Mama Alaere Hakuwafungua

Mchungaji, wazee wa kijiji chetu cha Toruebiama, wakandaji mliokuja kutoka vijiji vya juu na vya chini ya mto, wanamaji wenzangu, na ninyi nyote mliokesha nasi tangu juzi, naitwa Inatimi, mzaliwa wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, nami naomba mnivumilie nikikwama, kwa kuwa kuna mahali maisha hayo yananihusu kuliko ningependa.

Mama Alaere Ebizimor alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, ndani ya mtumbwi, kwa sababu bibi yetu alikuwa ametoka kutega samaki na hakuona sababu ya kurudi mapema. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1961, mafuriko yakalisomba jengo la shule, akachukuliwa na shangazi yake aliyekuwa mkandaji, na tangu hapo hadi mwaka 2022 kazi yake ilikuwa kukanda wajawazito, kugeuza watoto waliokaa vibaya tumboni, na kuunga mifupa. Tarehe 6 Mei 1972 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Kuroebi, fundi wa injini za boti, wakajaliwa watoto wanne, yaani mimi, Tarilayefa, Ebimobowei na Oyinkro, na baba alipotutoka mwaka 1998 mama alitulea peke yake bila kupiga kelele.

Sasa nafika tarehe 13 Februari 2014, ambayo nikiiruka mtaniona mwongo. Vijana saba wa hapa hapa kwetu, wakiongozwa na Doubara, aliyejiita Jenerali, walikuwa wameteka mabaharia tisa kutoka kwenye meli ya mafuta, wakawaficha ndani ya mikoko, na siku ya tano boti yetu ya doria ikafunga mdomo wa kijito, mimi nikiwa mshika bombomu. Amri ilikuwa maji yakijaa tuingie, na siku zile niliamini, wala sikuwa peke yangu, kwamba haramia anaelewa lugha moja tu, ile itokayo mtutuni.

Mama akaja na mtumbwi wake, akamwomba kamanda muda hadi maji yajae, na kamanda akakubali, maana kwa maji yale yaliyokupwa boti yetu isingepita hata hivyo. Mimi nikaona aibu mbele ya wenzangu, nikamwambia, "Mama, rudi nyumbani, haya si mambo ya kukanda matumbo." Akanijibu huku akipiga kasia, "Na lako nani alilikanda?" Wenzangu walicheka hadi kamanda akageuka.

Yaliyotokea ndani nimeyasikia kwa Doubara mwenyewe, naye ameketi pale. Walimwelekezea bunduki, Jenerali akapaza sauti kwamba hana mazungumzo na mtu bila fedha ya ukombozi, mama akamtazama, akasema, "Jenerali wa nini wewe? Ulitaka kuja duniani miguu mbele, nikakugeuza kwa mikono hii, na bado unaingia kila kitu kinyumenyume. Nionyesheni mgonjwa." Mgonjwa alikuwepo, baharia mmoja, fundi wa injini, aliyevunjika mkono, mama akaunyoosha, akaufunga banzi kwa kamba ya ukindu.

Nanyi mnajua sheria yetu, mgonjwa aliyefungwa na mkandaji ni mtu wa nyumba ya mkandaji hadi amfungue kwa mkono wake mwenyewe, na atakayempiga au kumuuza, hakuna mkandaji wa kijiji chochote atakayegusa tena tumbo la mke wake, la dada yake wala la binti yake, na mke wa Doubara alikuwa na mimba ya miezi saba. Basi alipomaliza na fundi, mama akamfunga wa pili, na wa tatu. Kijana mmoja akalalamika, "Mama, huyo hajavunjika kitu!" Akaulizwa, "Mkandaji hapa ni nani, mimi au wewe?" Akawafunga wote tisa.

Doubara akakaa chini, akasema, "Umetumaliza, mama. Tukiwaachia, wanamaji watatuua. Mwanao yuko pale na bombomu." Kamba ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mama akavua kitenge chake cha juu, akakichana vipande saba, akawaambia, "Leteni mikono."

Maji yalipojaa, boti mbili zilitoka kwenye kijito, zimejaa watu, na amri yangu ilikuwa kupiga kila boti yenye silaha, na silaha niliziona. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Ndipo nikaona kitambaa cha mama, kile chenye samaki wa njano, kwenye mkono wa kila kijana, nikajua mara moja nikifyatua nitawapiga watu wa nyumba yetu. Niliondoa mkono. Kamanda akafoka, "Unangoja nini?" nikamjibu, "Afande, wale wote ni wagonjwa wa mama." Sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa mama yangu siku ile, akipiga kasia nyuma yao na kitenge kimoja.

Vijana wakasalimisha silaha, na hakuna aliyekufa. Tusimpambe, mama mwenyewe alisema nusu waliogopa sheria yake na nusu bombomu langu. Lakini mwezi Agosti 2016, kwenye kijito kingine, hatukumngoja, mimi nilifyatua, wakafa vijana wanne na mabaharia wawili tuliokwenda kuwaokoa. Niliporudi nyumbani mama alinipikia, akakaa akinitazama nikila, akalia.

Mama alianza kuugua figo mwezi Juni 2022, akatibiwa kwa miaka miwili, akatutoka tarehe 3 Oktoba 2024, saa nne asubuhi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Yenagoa, majirani waliopokezana kumwogesha, wakandaji wenzake, na wanamaji waliotuletea boti ya kumrudisha nyumbani.

Ameacha wajukuu kumi na wanne. Kuhusu watoto, wapo wa ukoo walioniambia nisome wanne nikae chini, nami nawaheshimu, lakini sitafanya hivyo. Wale mabaharia aliwafungua siku ile ile, na yule fundi mkono wake ulipounga, wakaenda makwao. Wale saba hakuwafungua. Walikwenda gerezani, wakatoka, kila mmoja akaja kumwomba amfungue, na kila mmoja alijibiwa, "Bado haujaunga." Kitambaa kilipochakaa, alifunga kingine. Sasa aliyefunga ameondoka, na kwa sheria yetu hakuna mwingine wa kufungua. Doubara, inuka na wenzako, nafasi yenu si kwenye viti vya wageni, njooni huku mshike jeneza.

Mama, pumzika kwa amani, watoto wako kumi na mmoja wamekubeba.