Mstari Juu ya Kilima

Benchi la nje ya kibanda cha Kinyozi lilisimama kwa miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali, na kahawa ilinywewa hapo kabla ya kichwa cha kwanza kunyolewa. Asubuhi hiyo vichwa vilisubiri. Flashi, mpiga picha, alikuwa amefungua kompyuta magotini, na humo kilionekana kilima alichokuwa akilima mke wa Kinyozi kabla miguu haijamgomea. Picha ilikuwa ya kutundikwa leo mbele ya kitanda chake. Lakini angani, pembe hadi pembe, ndege ilikuwa imeacha mstari mweupe.

— Ufute, alisema Kinyozi. Mama watoto alikiacha kilima hakina mikwaruzo.

— Si mkwaruzo, kaka. Moshi wa ndege huo. Ila kuufuta ni mara moja tu.

— Moshi wapi! alidakia Sindano, fundi cherehani. Huo mshono. Mbingu imeanza kufumuka hapo.

— Wewe kila kitu nguo! alisema Redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimiki. Rubani anaweka alama, asije akapotea akirudi.

— Na upepo ukiifuta? aliuliza Sindano.

— Kwani unadhani marubani wanakimbia vile kwa nini?

Benchi likacheka mpaka tofali likateleza.

— Sasa Flashi akiufuta, Redio akakazana, abiria wa watu watazunguka huko juu mpaka mafuta yaishe. Mimi simo!

Kinyozi hakucheka. Miezi yote hii alikuwa amempa mkewe dawa na maneno ya kumtia moyo, basi. Alitamani kumpa kitu kimoja kisicho na dosari.

— Futa, ndugu yangu.

Flashi alikuwa ameshaweka kidole tayari pale binti wa Kinyozi alipotokea uani, mikono ina povu la kufua mashuka.

— Shikamooni. Baba, mama anauliza, ile ndege ya jana jioni ilikuwa inakwenda wapi?

— Marahaba. Ndege gani?

— Iliyochora mstari dirishani kwake. Aliutazama mpaka ukaisha. Akasema, "Baba yenu yuko kilimani na Flashi, lazima naye anauona."

Sindano aliinamia kikombe chake. Redio alilirudisha tofali chini ya benchi. Kinyozi alikumbuka alivyosimama kilimani jana akiutukana mstari ule.

— Flashi, toa kidole.

— Niuache?

— Uache ulivyo.

Akamgeukia binti yake.

— Mwambie sijui ilikokwenda. Mwambie niliuona. Nakuja nao.