Pua Iliyoaminiwa na Mji Mzima

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi mliofanya kazi na Marehemu, poleni, na asanteni kwa kufika. Ninayesoma ni binti yake, mtoto wa mwisho. Wasifu una utaratibu wake, kila mtu anatajwa kwa mbali, kwa hiyo mtanisikia nikisema "binti yake" kana kwamba ni mtu nisiyemjua. Namjua sana. Kaka zangu walitaka nisome aya tatu nikae chini, na mkubwa ameniahidi kuninyang'anya maikrofoni nikizidisha. Mama ametaka nisome yote. Basi nasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mkewe, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya mabomba. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikataa kunyonya siku yoyote ambayo yeye alikuwa amepaka mafuta ya nywele. Shangazi zake walicheka wakasema huyu atakuwa mtu wa kuchagua. Hawakukosea, ila sisi ndio tuliokuja kulipia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, ile iliyo nyuma ya soko. Akiwa darasa la nne, asubuhi moja alikataa maji ya tangi la shule akasema yananuka kitu kilichokufa. Mwalimu mkuu alionja, hakusikia kitu, akamchapa mstarini kwa kuwatia wenzake kinyaa. Siku ya tatu maji yalianza kutoka na manyoya. Tangi likafunguliwa, panya huyu hapa, amevimba. Mwalimu mkuu alitapika nyuma ya ofisi na shule nzima ikamwona. Tangu siku hiyo Marehemu alipata jina la Pua, akalibeba mpaka juzi. Alipenda kutusimulia kisa hicho mezani, na kila mara alimalizia vilevile: "Walinichapa, lakini nani alikuwa na haki?" Tukajibu kwa pamoja kama darasa: "Wewe, Baba."

Alimaliza sekondari mwaka 1972, akasomea ufundi wa maabara, na tarehe 2 Juni 1975 akaajiriwa na maabara ya maji ya manispaa. Pale kuna mashine za kupima klorini, tope na vijidudu. Lakini harufu ya maji hupimwa na watu. Kuna chumba mwisho wa korido, vigae vyeupe, madirisha yamezibwa kwa mpira, hakuna hata kalenda ukutani. Watu wanne wanakaa, kila mmoja anapewa chupa ya kioo iliyopashwa moto, anafungua kifuniko, ananusa, anaandika alama kwenye karatasi. Sifuri maana yake maji hayana harufu. Kuzungumza hakuruhusiwi. Marehemu aliwahi kunusa chupa moja akasema bomba la mtaa gani lina kutu, wakachimba, wakalikuta limeoza. Wenzake wakaanza kumtazama usoni kabla ya kuandika. Hilo halikuwa kwenye sheria za chumba, lakini nani angejifanya mjuaji mbele ya Pua?

Tarehe 19 Januari 1980 alimwoa Mama, mshona nguo aliyekuwa na kibanda karibu na geti la maabara. Mnusaji haruhusiwi sabuni ya harufu, manukato, sigara wala vitunguu siku ya kazi. Marehemu alihamishia sheria hiyo nyumbani akaiongezea meno. Hatukukaanga vitunguu. Tuliogea sabuni ya mche ya kufulia. Mama alipewa chupa ya marashi na dada yake siku ya harusi, ikamwagwa chooni kabla ya mwezi kuisha. Tukirudi shuleni tulisimama mlangoni, Baba anatunusa shingoni mmoja mmoja: wewe ulikuwa kwa fundi baiskeli, wewe umekula pipi ya mnanaa, wewe umelia. Alikuwa anapatia, jamani! Majirani walikuja na nguo za waume zao ili Pua awaambie mume alikuwa wapi. Ndoa mbili mtaani kwetu zilivunjikia sebuleni petu, na Marehemu alilala usingizi wake kama kawaida.

Mwezi Machi 2008 aliugua homa na mafua makali, akakaa kitandani wiki mbili. Akapona, akarudi kazini. Mwezi Mei dizeli ilimwagika karibu na chanzo cha maji, ikaingia kwenye mabomba. Wanusaji wanne walikaa chumbani, wakafungua chupa. Watatu wakamtazama Pua. Pua alikuwa ametulia, naye anawatazama wao. Wakaandika sifuri, wote. Kwa siku mbili mji ulioga dizeli na ulipikia dizeli, hadi wanawake wakabeba ndoo zao mpaka geti la manispaa. Mkuu wa maabara alipomwita ofisini, Marehemu alisema dereva wa sampuli alibadilisha chupa njiani. Dereva alifukuzwa siku hiyohiyo. Alikuwa na miaka kumi na sita kazini. Mjane wake amekuja leo, yuko pale karibu na mahema, na mimi nimempa mkono kabla ya wote.

Mkuu, hata hivyo, alibaki na wasiwasi. Na Mkuu alikuwa na mpwa wake, kijana mpimaji ardhi, aliyekuwa amempenda binti wa Marehemu. Tarehe 9 Agosti 2008, siku ya Jumamosi, wageni walikuja kuposa: kijana, wazazi wake, Mkuu akiwa mjomba, na shangazi wawili waliovaa viatu vya kubana. Kwa heshima ya wageni, Marehemu aliruhusu vitunguu, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Binti yake alishinda jikoni tangu asubuhi akikatakata na kukaanga. Alipokwenda kubadilisha nguo, sufuria moja ikaungua. Hakuna pazia, hakuna kiti, hakuna nywele ya mtu ambayo haikushika harufu ya vitunguu vilivyoungua. Shangazi mmoja alikuwa anajipepea na mkoba.

Maneno yalikwenda vizuri. Mkuu, akiwa ameshiba na anacheka, akasema, "Pua, nataka nikuulize kama rafiki. Ile pua bado ipo? Watu wanasema imezeeka."

Marehemu akatabasamu. Binti yake alikuwa anaingia na trei ya chai. Akamwita, "Njoo hapa." Akamnusa shingoni, palepale, mbele ya watu, kama alivyokuwa anawanusa watoto mlangoni. Kisha akamgeukia Mkuu.

"Huyu katoka kuonana na mwanaume sasa hivi," akasema. "Nasikia sigara. Na manukato ya kiume, ya bei rahisi."

Binti yake akasema, "Baba, nimeshinda jikoni!"

"Pua yangu imewahi kukosea?"

Mama alitazama sakafu. Kaka zake binti walitazama sakafu. Shangazi aliacha kujipepea. Mchumba alimtazama mjomba wake, na Mkuu akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema, "Basi. Pua ni Pua." Wageni wakainuka, chai haijanywewa. Siku ya Jumatatu Marehemu aliongezwa cheo, akawa kiongozi wa chumba kile. Siku ya Jumanne binti yake alikuwa na begi moja nje ya geti, kwa sababu nyumba ya Marehemu haikai na mwanamke wa namna ile. Mchumba aliyeondoka siku ile yuko hapa, safu ya nne, na mke wake. Mke wake sina neno naye.

Binti yake alipanga chumba upande wa pili wa mji, akafungua genge la chakula. Kwa kuwa mambo ya mtaani yana miguu, yalimfikia na huko, na wapo waliokula kwake huku wakiulizana, ndiye yule? Ndiye. Kaka zake walimtumia salamu. Mama alikuja kwa kujificha, akikaa kwenye benchi la nyuma na mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Marehemu alistaafu mwaka 2013 kwa sherehe, akapewa saa ya ukutani na cheti kilichosema mji umekunywa maji safi kwa sababu yake.

Afya yake ilianza kuzorota mwaka 2020 kwa maradhi ya figo. Mwezi Septemba mwaka huu alilazwa hospitali kuu, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Aliomba kumwona binti yake. Binti yake aliondoka gengeni mbio, hakubadilisha hata nguo. Alikuwa amemenya gunia zima la vitunguu tangu alfajiri. Kwenye lifti watu walijisogeza mbali naye. Nesi alifungua dirisha.

Aliinama kitandani. Marehemu akainua kichwa kwa shida, akamnusa shingoni kwa muda mrefu, akarudi kwenye mto.

"Bado unavuta," akasema.

Binti yake alibaki ameinama vilevile. Miaka yote alikuwa anajiuliza labda kuna mtu aliyempita sokoni na sigara, labda gauni lilikuwa la kuazima, labda kweli alinuka kitu asichokijua. Mtu anaweza kujisahau hadi akajishuku! Akamwuliza, "Unasikia harufu ya nini, Baba?"

"Sigara. Sigara na uongo."

Binti yake akatoka hadi koridoni, akamkuta Mama kwenye benchi. Mama alimtazama usoni mara moja tu, akaanza kulia kabla hajaulizwa. Ndipo akasema. Pua ilikufa na ile homa ya Machi 2008, haikurudi. Mama alijua tangu wiki ya kwanza, maziwa yalipoungua jikoni na Marehemu ameketi kando ya jiko anasoma gazeti. Alimwambia, naye akamshika mkono na kusema, "Ukisema, tutakula nini?" Akanyamaza. Alinyamaza kuhusu dereva. Siku ya posa alikuwa ananusa vitunguu vilivyoungua kama sisi wote, akanyamaza pia. "Nilimchagua yeye," Mama aliniambia. "Nenda kaseme siku ya maziko. Useme na mimi nimo." Mama, nimesema. Umo.

Binti yake alirudi wodini. Angeweza kumwambia Marehemu palepale kwamba anajua. Alikuwa ameshikilia neno hilo mdomoni. Marehemu akafumbua macho akamwuliza, "Utaacha?" Yeye akamjibu, "Nimeacha, Baba." Marehemu akatabasamu, ameridhika, ameshinda. Msione huo ni wema. Sikutaka aombe msamaha pale kitandani, tukiwa wawili, halafu yaishe kimyakimya wodini. Nilichafuliwa mbele ya watu, nami nilikuwa nawasubiri watu. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 21 Septemba, akiamini hakuna anayejua.

Marehemu ameacha mjane, wana wawili na wake zao, wajukuu watano, ambao wote wanaogea sabuni ya harufu, dada mmoja, na binti mmoja, ambaye hajawahi kuvuta sigara maishani mwake, na ambaye tarehe 9 Agosti 2008 alikuwa hajatoka nje ya jiko la baba yake.

Apewe pumziko lake, na udongo umlalie kwa upole. Lakini kaburi lisifunikwe kwanza. Mkuu, nakuona hapo mbele, umeshika shada la manispaa. Ulikuwa umekaa kiti cha karibu na jiko siku ile. Maikrofoni hii hapa. Inuka uwaambie watu hawa ulinusa nini.