Mama Hamahama na Kopo la Maua

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, ambaye mtaa mzima mlimwita Mama Hamahama, na sababu mnaijua.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa seremala, akamaliza shule ya msingi mwaka 1965, na mwaka 1968 akaajiriwa katika duka la vitambaa kupanga dirisha la mbele, ambalo alilibadilisha kila Jumatatu, na tabia hiyo akaja nayo nyumbani.

Tarehe 14 Juni 1973 aliolewa na baba yetu, fundi saa, mtu ambaye bisibisi zake zililala mstari mmoja miaka yote, maskini, kwani akirudi jioni alikuta kabati limesimama palipokuwa na kochi, akajigonga muundi, akalalamika kwamba ameoa mchukuzi wa mizigo, naye mama akamjibu kwamba nyumba si saa. Walijaliwa watoto watatu, na sote tulijifunza kuingia sebuleni tukipapasa.

Mwaka 2016 baba alianza kusahau, akawa anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, na daktari akaeleza kwamba ubongo hushika ulichozoea na pia hupokea kipya, ila wa baba ulikuwa umeelemewa na vipya, hivyo vitu visihamishwe ovyo, lakini asinyimwe kabisa kitu kipya kidogo cha kumchangamsha. Mazoea yana taabu, mama aliumia, lakini alitii, hakusogeza hata kigoda, isipokuwa kopo la maua, ambalo kila asubuhi alilificha mahali papya, leo dirishani, kesho juu ya redio, na baba akiliona hucheka na kumwambia, "Wewe mwanamke, hukomi?" Majina yetu yalimtoka, mchezo huo haukumtoka.

Mama alilazwa kwa maradhi ya moyo Januari mwaka huu, akafariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, akiwa na wasiwasi mmoja tu, nani atamchokoza mzee.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa dukani, na majirani wa ghorofa ya chini mliovumilia makochi yakiburutwa juu ya vichwa vyenu.

Mama, jana asubuhi kopo halikuwa mahali pake, tukaulizana, hakuna aliyeligusa, hadi tulipolikuta kwenye kiti chako, na baba amesimama kando, anajizuia kucheka, anangoja tulione. Basi ondoa wasiwasi. Pumzika kwa amani, na huko uliko panga upendavyo.