Mama Branice Anaitafuta Njia ya Seva

Benchi la Mbinya liko nyuma ya steji ya magari ya Wundanyi, mjini Voi, na kila asubuhi lina wenyewe. Kuna Ochola, anayeitwa Signo kwa sababu aliongoza ishara za reli mpaka akastaafu. Kuna Muasya, dereva wa lori, jina la kijiweni Breki, anayeapa hajawahi kugonga hata kuku. Mbinya mwenyewe huuza kahawa na kuamua ugomvi. Jumatatu hiyo Tryphena, mama yake Branice, aliwakuta hapo, amekumbatia laptop kifuani kama mtoto mwenye homa.

Kwake stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, na Mbinya alikuwa na soketi. Taasisi moja ya Nairobi ilikuwa imempa kazi ya kunakili daftari za zamani za vipimo vya mvua, akiwa hapa hapa Voi. Sharti lilikuwa moja: kabla ya saa sita awe ameingia kwenye kompyuta ya ofisi kupitia VPN, ile njia ya faragha inayomfanya mtu aliye mbali awe kama ameketi ofisini. Akishindwa, itabidi ahamie Nairobi, na mama yake aliyepooza mguu hana mwingine wa kumwinua kitandani. Laptop yake kuukuu iliikataa programu ya kubonyeza tu, kwa hivyo ofisi ilimtumia karatasi mbili za amri, aziandike mwenyewe moja baada ya nyingine kwenye lile dirisha jeusi.

Alikuwa amejaribu mara sita. Mara zote sita neti ilikufa yote.

— Mama Branice, hiyo ni joto, Mbinya alisema akimmiminia kahawa. Ifunike na kitambaa chenye maji.

— Maji kwa stima? Unataka kuua mama ya watu? Breki aliruka. Shida ni ndovu.

— Ndovu gani tena? Mbinya aliuliza.

— Wale wa Tsavo. Si wamevalishwa kola za mitambo? Wakisogea karibu na barabara, simu yangu inanyamaza.

— Simu yako inanyamaza juu hujanunua bando, Signo alisema. Sikizeni mtu wa reli. VPN inaanza na V. Voi inaanza na V. Mashine ya Nairobi ikiona V mbili kwa laini moja, inasimamisha zote zisigongane.

— Sasa niandike niko wapi, mzee? Tryphena aliuliza.

— Andika Kibwezi. Ni salama.

— Hapana, Breki alisema, sauti ikashuka kama anayetoa siri ya serikali. Nafasi kwa hiyo VPN ni moja, na kuna ndovu ashaingia na kola yake. Ukiingia, unatolewa.

Tryphena alicheka mpaka kikombe kikatetemeka, halafu akatazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Miaka minne ilikuwa imepita tangu ofisi aliyokuwa karani ipunguze watu, na katika miaka hiyo hakuna aliyemjibu barua ya kuomba kazi hata moja isipokuwa hawa wa mvua.

Pembeni aliketi mwanamke mgeni mwenye magunia mawili ya vitunguu, ametoka Mboghoni, anangoja gari la kwenda Mombasa. Aliitwa Mutheu. Alikuwa amesikiliza yote bila kucheka.

— Samahani dada, akauliza. Hiyo kitu inakataa kuingia, ama inaingia halafu inakatika?

Breki alijikuna shingo. Signo akatazama ndani ya kikombe chake.

— Sijui, Tryphena alisema polepole. Sijawahi kuangalia. Huwa naandika zote mbio mbio, naona tu imekufa.

— Basi andika polepole tuone.

Akaanza upya. Amri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya kila moja alisimama akasoma jibu.

— Imeingia! Signo alipiga kelele. Si hiyo imekupa namba ya ofisi?

Kweli, ilikuwa imeingia. Amri ya nne mashine iliijibu kwa mstari mmoja mfupi wa kulalamika, mstari ambao asubuhi yote ulikuwa ukimpita katika zile mbio zake. Ya tano ndiyo ilituma safari zote za neti zipite ndani ya VPN. Akaibonyeza. Sekunde tatu, nne. Neti ikafa tena.

— Inaingia halafu inakatika, Mutheu alisema.

Tryphena alirudi kwenye karatasi, kidole kikifuata maneno. Amri ya nne ilikuwa ya kuacha njia moja ya nje, ya kufikia seva yenyewe, ile kompyuta ya ofisi inayopokea VPN. Bila hiyo, VPN ilikuwa inajitafuta ndani ya tumbo lake. Njia hiyo ilihitaji namba ya mlango wa neti anayotumia, na yeye alikuwa ameweka ile ya jana, ya saiba, duka la intaneti. Leo anatumia data ya simu yake.

— Hii namba si ya hapa! akasema.

Akaandika amri fupi, ip route, kuiuliza mashine mlango wake wa leo. Ya jana iliishia 1.1. Ya leo, 43.1. Akafuta, akabadilisha, akaanza tena. Safari hii amri ya nne haikulalamikiwa. Akabonyeza ya tano.

Sekunde kumi. Ishirini. Ukurasa wa ofisi ukafunguka, na juu yake: Karibu, Tryphena Khalayi.

— Ndovu ametoka! Breki alirusha kofia.

Mbinya akapiga kigelegele, Signo akamshika Mutheu mkono akamtikisa kama aliyemwokoa kutoka relini, na wote wakaanza kueleza kwa pamoja jinsi walivyojua tangu mwanzo. Tryphena hakuwasikia. Mbele yake ilikuwa picha ya daftari ya kwanza, karatasi imegeuka manjano: kituo cha Mwanda, Aprili, mvua kila siku wiki nzima. Akavuta laptop karibu, akanyoosha mgongo.

— Jamani, punguzeni sauti, akasema. Niko kazini.