Mkwe Aliyekwama Dirishani

Basi lilikuwa nusu tupu. Mchekeshaji alijikunja kiti cha nyuma, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akienda kujaribiwa kwa nafasi ya maiti katika filamu. Mwezi mzima jukwaani hakuna aliyemcheka, hata mama yake.

Kiti cha mbele yake, muuguzi mmoja alikuwa akimsifu kwa abiria wa pembeni. "Yule ana kipaji, kaka. Ile ya mkwe aliyekwama dirishani, nilicheka mpaka mbavu zikauma."

"Mkwe huyo ni mimi," akajibu abiria.

Mchekeshaji akaitambua sauti. Ni kinyozi wake, aliyehama duka mwezi uliopita bila kuaga.

"Acha masihara."

"Dada, alikuwa akija kunyolewa mara tatu kwa wiki. Nani ana nywele za mara tatu kwa wiki? Anafumba macho kama mgonjwa, kumbe katega masikio. Mimi na wateja tunapiga soga, yeye anabeba visa vyetu."

"Lakini anajua kusimulia."

"Anajua nini? Mimi nilikwama na suruali yangu. Yeye kanivua."

"Hapo ndipo nilipochekea."

"Haya, kama kipaji ni chake, mbona tangu nihame amekauka?"

Muuguzi alifungua mdomo ajibu, basi likasimama. Kinyozi akabeba mkoba wake wa mashine, akashuka.

Mchekeshaji alibakiza vituo vitatu. Akavua kofia, akajipapasa kichwa alichojinyoa mwenyewe asubuhi ile. Hakikuwa na unywele hata wa kusingizia kunyolewa.

Akashuka hivyo hivyo, akamfuata kinyozi.