Kumuaga Kanali Swali Moja Kabla ya Jumatatu

Mheshimiwa Jenerali, Mgeni wetu Rasmi. Waheshimiwa majaji wa Mahakama ya Kijeshi. Maafisa wakuu mliokaa meza za mbele, na maafisa wadogo mliosukumiwa nyuma karibu na spika. Askari wa vyeo vyote. Mume wa Kanali na binti yenu. Mama mzazi wa Kanali, uliyekataa kiti cha sofa ukasema kinakumeza. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi wapishi wa bwalo mnaochungulia dirishani mkidhani hatuwaoni: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake. Kama nimemruka mtu, anisamehe. Karatasi nimeikunja na kuikunjua tangu asubuhi, haisomeki vizuri.

Naam, ni woga. Nimeona nilitangaze mwenyewe ili meza ile ya kona iache kunong'onezana. Mimi ni kapteni, mwanasheria wa jeshi, na nimekuwa msaidizi wa Kanali kwa miaka kumi na miwili. Cheo changu kimepanda polepole katika muda huo, na anayejua sababu hana haja ya kuuliza. Leo Kanali anavua gwanda, na mimi ndiye ninayerithi meza yake. Juu ya meza hiyo kuna kesi moja ambayo umri wa kustaafu umemkuta nayo. Ni kesi ya Brigedia mstaafu, ya ghala la pamba na ya watu waliofungiwa humo wakati wa vita. Imepangwa kuanza Jumatatu. Wengi wenu mmekuja kumuaga Kanali kwa mapenzi, lakini wapo, na wanajijua, waliokuja kunitazama mimi usoni, waone kama Jumatatu nitasimama au nitaugua ghafla. Siwalaumu. Wiki nzima hii hata mimi nilikuwa najitazama kwenye kioo nikitafuta jibu hilohilo.

Mshereheshaji amenipa kipaza sauti akaninong'oneza, "Kapteni, sifa tu, mambo ya kesi usiyaguse." Sasa ndugu zangu, nitamsifuje mpishi bila kugusa sufuria?

Basi nianze na jina. Huyu mama tunamwita Swali Moja. Sisi wengine tukisimama mahakamani tunamwaga maswali kama mvua ya mawe, shahidi analowa, jaji analowa, na mwisho wa siku hakuna aliyevuna kitu. Kanali alikuwa anauliza swali moja, anakaa, anakunja mikono. Mume wake, ambaye ni mwalimu wa hesabu, amewahi kuniambia kwamba hata nyumbani ni hivyohivyo. Siku moja mwalimu alichelewa kurudi, akaingia na utetezi wake ameupanga vizuri kuanzia mlangoni. Mkewe akamuuliza tu, "Umekula?" Mwalimu akajikuta ameungama kila kitu, hadi mambo ya kabla hawajaoana. Usicheke, mwalimu, nawe binti usimwangalie baba hivyo. Yameshapita.

Lakini swali lake ninalolikumbuka kuliko yote silikumbuki kwa kicheko.

Nilikuwa luteni mpya, kazi yangu kubeba mafaili na kukaa kimya. Kanali wakati ule alikuwa meja, ndiye mwendesha mashtaka, na aliyeshtakiwa alikuwa kamanda wa kikosi mwenye cheo cha kanali. Raia mliomo humu huenda hamjui utaratibu wetu: mshtakiwa ambaye hajatiwa hatiani bado ana cheo chake, na mwenye cheo cha chini humpigia saluti. Kwa hiyo kila asubuhi, mbele ya mashahidi wake mwenyewe, mwendesha mashtaka alisimama wima akampigia saluti mtu ambaye yeye ndiye anamshtaki kwa mauaji. Mashahidi waliokuwa wamepangwa walikuwa wanaiona saluti ile, wanatazamana, kisha mmoja anakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Wawili walituponyoka hivyo. Akabaki koplo mmoja.

Koplo yule alieleza vizuri asubuhi yote. Alieleza sauti ya kamanda wake aliyoisikia kwenye redio ya upepo, ile ya mawasiliano ya kikosi, ikisema, "Nisisikie mtu akikohoa ng'ambo ya mto." Alieleza walichofanya baada ya sauti ile. Kisha mshtakiwa, aliyekuwa amekataa wakili, akasimama kumhoji mwenyewe. Hakuanza na swali. Alinyoosha mkanda wake, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya gwaride:

"Koplo!"

Visigino vya koplo vikagongana.

"Siku ile mlifyatua bila amri yangu, sivyo?"

"Ndiyo, afande!"

Ndugu zangu, maneno yale yalimtoka kabla hajayasikia. Sisi tuliopita depo ya mafunzo ya uaskari tunalijua jambo hili, kwa sababu limo ndani yetu. Mkubwa akiuliza kwa sauti ile, mdomo hujibu peke yake, akili hufuata baadaye ikihema. Lakini karani alikuwa ameshaandika. Mshtakiwa akakaa akitabasamu. Nami pale nyuma niliona kesi nzima imekufa mikononi mwetu, na nikaogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa hata vitani. Niliona kwamba tangu siku ile mtu yeyote mwenye sauti nene angeweza kufanya lolote, kisha akarudi na sauti ileile kulifuta.

Mwenzangu gani hapa asingeruka na kupiga kelele za pingamizi? Kanali wetu aliinuka taratibu. Alinyoosha mkanda, akampigia mshtakiwa saluti, safi kabisa, akageuka.

"Koplo!"

"Afande!"

"Leo asubuhi jua limechomoza magharibi, sivyo?"

"Ndiyo, afande!"

Watu wawili watatu walicheka. Kisha koplo akasikia alichokisema. Alianza kulia akiwa bado amesimama wima, mikono imebana mapajani, machozi yanashuka hadi kwenye kola, na hakuyafuta, maana hakuna aliyekuwa amemwamuru kulegea. Mheshimiwa Jaji Kiongozi, wewe ulikuwepo, ni wewe uliyesema, "Mguu pande, mwanangu." Ndipo akajifuta, akasema kwa sauti ya chini ambayo karani alimwomba airudie: "Hata siku ile nilijibu hivyohivyo, afande. Nikafyatua."

Kanali alikaa, akakunja mikono. Hakuuliza lingine.

Sifa hizo mnazijua, zimeshasemwa hata magazetini. Ninachotaka kukisema leo ni bei yake, na hakijawahi kusemwa kwenye kipaza sauti. Baada ya hukumu ile familia hii imehama nyumba mara nyingi kiasi kwamba mwalimu aliacha kupigilia misumari ya kuning'iniza picha. Binti aliambiwa asitaje kazi ya mama yake shuleni, akasema mama ni mshonaji. Mwalimu wake wa darasa akafurahi, akatuma kitambaa ashonewe gauni la harusi ya dada yake. Mwanasheria mzima, anayetetemesha makamanda, akaanza kumtafuta fundi wa siri mtaa wa tatu, na gauni liliporudi limebana kifuani, lawama akazipokea yeye. Tulicheka sana ofisini. Lakini aliporudi mezani nilimwona anafungua droo, anaifunga, anaifungua, hatafuti kitu.

Alikuwa anaogopa, ndugu zangu. Mnamwita jasiri, na mmemwandikia hivyo kwenye ngao ile, na mimi sipingi ngao. Lakini nimekaa naye chumba kimoja, meza mbili zinatazamana, dirisha lina pazia zito lisilofunguliwa hata wakati wa joto. Najua kwamba hakuwahi kunywa chai asiyoiona ikimiminwa, wala hakuwahi kukaa akiupa mlango mgongo. Mtazameni hata sasa. Kamati imempamba kiti kizuri chenye maua, ikakiweka mgongo kuelekea mlangoni, na tangu tuanze sherehe hii ameshageuka mara ngapi? Pole, Kanali. Kamati haikujua.

Sasa nijiseme mimi, kwa kifupi, maana mshereheshaji ananionyesha saa.

Wiki iliyopita mke wangu alipigiwa simu mchana, akiwa kazini kwake, saluni, mikono yote ina povu. Mteja akamshikia simu sikioni. Sauti ya mwanamume, ya upole, haikutukana wala kutisha. Ilimwambia, "Shemeji, mtoto leo kavaa soksi za kijani, mguu wa kushoto imetoboka kidoleni. Mnunulieni nyingine." Ikakata. Mke wangu alikwenda shuleni na povu lake mikononi, akamvua mtoto kiatu mbele ya darasa zima. Soksi ilikuwa imetoboka.

Aliponisimulia, nilimwambia asiogope. Akanijibu, "Mume wangu, kwenda mahakamani sijakukataza. Ila usinifundishe cha kuogopa." Tangu siku hiyo tunamsindikiza mtoto sote wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na yeye anaona ni mchezo.

Nilikwenda kwa Kanali, nikamuuliza, afande, hofu yako uliimalizaje? Akanitazama kama niliyeuliza swali la kijinga. "Nani kakwambia imeisha? Hofu ni kama mama mkwe. Humfukuzi. Unampa kiti, unampa maji, halafu unaendelea na kazi." Kisha akanikabidhi ofisi. Nilidhani atanipa funguo za kabati. Badala yake alifunga mlango, akaniambia kwa mdomo mahali anapoishi kila shahidi wa kesi ya Brigedia na jina analotumia sasa. Hakuwahi kuyaandika popote. Alinikaririsha tena na tena kama mtoto wa chuo cha Kurani hadi nikashika yote. Watu hao hawana ukuta mwingine zaidi ya kichwa cha mtu mmoja, na sasa kichwa hicho ni changu. Mke wangu anasema siku hizi nalala mdomo nimeubana.

Mheshimiwa Jenerali, Mgeni wetu Rasmi. Najua wewe na Brigedia mlisoma kozi moja na mkalala hema moja, na urafiki wa hema si mdogo, sitaudharau. Leo uliposhuka kwenye gari ulinishika mkono, ukanivuta pembeni kwa upole wa mzazi, ukaniambia, "Kijana wangu, nchi imechoka na mambo ya kale. Ile ya Jumatatu tunaiacha ipumzike, sivyo?" Na mdomo wangu, afande, ulikuwa umeshafunguka. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikajifanya nimeitwa na mpiga picha nikakimbia, na ninakuomba radhi, kwa sababu afisa hamkimbii mkubwa wake bila kumjibu.

Jibu langu nakupa hapa, kwa heshima zote. Hapana, afande. Haitapumzika. Jumatatu saa tatu asubuhi nitampigia Brigedia saluti kama sheria inavyonitaka, kisha nitamsomea mashtaka.

Naona baadhi yenu mmeacha kula. Kuleni tu, chakula hakina kosa.

Kanali wangu, mama yangu kikazi, dada yangu wakati wa shida, nenda kapumzike. Katundike picha ukutani. Kakae unapotaka, na mlango uwe popote utakapokuwa. Mwalimu, asante kwa kutuazima mke miaka yote hiyo ukimrudisha kazini kila asubuhi ilhali ungeweza kumficha. Binti, sasa unaweza kusema kazi ya mama.

Na kabla sijashuka nina tangazo fupi, naomba mlisikilize vizuri, hasa nyinyi wa meza za mbele. Mimi ni mzima wa afya. Daktari wa kikosi yule pale amenipima juzi. Moyo wangu hauna tatizo, presha iko sawa, ingawa leo asingependa kuipima. Gari langu limebadilishwa breki na fundi ninayemwamini. Kuogelea sijui, na sina mpango wa kwenda mtoni mwisho huu wa wiki. Bastola yangu nimeirudisha ghala la silaha, kwa hiyo haitanifyatukia nikiisafisha. Sina ugomvi na mtu yeyote wa mtaani kwangu, sina mke wa mtu, na sina huzuni ya kunifanya nijidhuru. Nina mke ninayempenda, na mtoto ninayetaka kumwona anamaliza shule. Naogopa sana, lakini kuogopa si ugonjwa.

Basi, ikiwa Jumatatu saa tatu mtakiona kiti changu kitupu, tafadhali, asisimame mtu yeyote kati yenu, wala mchungaji, wala shehe, wala Mgeni Rasmi, akawaambia watu kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Yatunzeni hadi Jumatatu.